Ndege Wanaotazama Chini

Moussa Shafi ni fundi wa nguo pale mtaa wa Ruashi. Kibanda chake cha bati kiko kati ya kinyozi na mama mmoja anayekaanga vitumbua, kwa hiyo suruali zake zote mpya zinanuka mafuta kidogo, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Ana miaka sabini na moja. Utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake, na juu ya rafu ana televisheni ndogo ambayo kutwa nzima inacheza filamu za kuchorwa, zile za watu wenye nguvu za ajabu, zilizotolewa katika vitabu vya picha. Wanaruka, wanabeba malori kwa mkono mmoja, wanavaa chupi juu ya suruali. Watoto wakisimama mlangoni wanaangalia ngumi. Moussa anaangalia nguo.

"Tazama joho la huyu," anasema, sindano ikiwa mdomoni. "Anaruka juu ya mji mzima, upepo wote ule, na joho limesimama kama bati. Fundi gani alishona?"

"Papa Moussa, ile ni picha tu," wanamwambia.

"Hata picha inavaa."

Miguu yangu mimi haijui kukaa, nazunguka mji huu tangu asubuhi, na kwa Moussa ndipo ninapoipumzisha. Basi maneno yake juu ya filamu nimeyasikia mengi. Anasema nyingi zimechorwa kwa haraka: mdomo unaongea, mabega yamekufa. Mtu anakimbia, na dirisha lile lile linampita mara tatu. Anasema kitabu na filamu si kitu kimoja. Katika kitabu mchoraji anaweka mistari mitano, upepo unauvuta wewe mwenyewe kichwani mwako. Filamu inakuletea upepo umepikwa tayari. Kama umepikwa vibaya, utafanya nini, unakula hivyo hivyo. Lakini kuna moja aliipenda sana, ambayo shujaa anakaa kitako kuvua kiatu, na suruali inapanda kidogo gotini. Aliacha kushona siku ile. Kisha akasema, "Aliyechora hii, baba yake alikuwa fundi."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kapya, mchoraji wa vibao vya maduka. Kapya hakufundishwa kuchora na mtu. Lakini zamani, watoto wake walipokuwa wadogo, alitunga vitabu kumi na vitatu vyembamba vya picha, vikachapwa kwa stensili na kuuzwa sokoni kando ya sabuni na chumvi. Shujaa wake aliitwa Mutoto wa Mugongo. Hakutoka katika nyota yoyote. Mama yake alimbeba mgongoni kwa kikwembe, kile kitambaa cha maua au ndege ambacho mama zetu wanajifunga, mpaka akajua kutembea. Na alipokuwa mkubwa mama akampa kile kikwembe. Akikifunga shingoni, anaruka mapaa matatu kwa mara moja na kupigana na Bwana Vumbi, jitu linalokula mabati ya nyumba za watu.

Kapya alikufa miaka sita iliyopita. Vitabu vilibaki katika sanduku la mjane wake, Mama Marie-Thérèse, anayelima mahindi na viazi vitamu kule Annexe, pembezoni mwa mji.

Sasa Moussa ana mjukuu, Mounira, msichana wa miaka ishirini na saba. Yeye na mwenzake Guelor wanachora filamu kwa kompyuta huko mtaa wa Golf, katika chumba cha nyuma cha jumba moja, ambamo zamani alilala mpishi. Mwaka jana Mounira alikwenda Annexe kuomba kitabu cha kwanza akigeuze kuwa filamu ya dakika kumi na mbili. Mama Marie-Thérèse alimsikiliza huku akipukusa mahindi, akasema:

"Benye kujua kuchora beko bengi, mutoto wangu. Minaogopa mutamuharibisha bwana yangu. Filme ikiisha, shemeji Moussa aione mbele ya bote. Akisema iko muzuri, nitakuya kuiangalia na bantu bote. Akisema hapana, munairudisha kitabu yangu, na ile filme munaifuta. Moussa hanidanganyaka."

Mounira alikubali mara moja. Aliona mlango umeshafunguka: babu yake mwenyewe, atakataa vipi?

Filamu ikaisha. Ukumbi wa mtaa ukapatikana Ruashi, kwa siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa tisa mchana. Jumanne ya juma hilo Mounira akaja kumchukua babu yake, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale, nikafuata mpaka Golf.

Moussa alikalishwa mbele ya kompyuta kama bwana arusi. Filamu ikaanza. Alicheka tangu mwanzo. Bwana Vumbi alimaliza kula paa, akajipangusa mdomo kwa mlango wa watu, na Moussa akapiga goti lake. Kisha Mutoto wa Mugongo akafunga kikwembe na kuruka. Kitambaa kilishika upepo, kikajaa, kikakunjana kwapani, na shujaa alipotua, kitambaa kilichelewa kidogo, kikatua nyuma yake polepole.

"Aah! Mmeona? Mtu anatua, nguo inatua baadaye! Nani alichora hapa?"

Guelor, kijana mrefu mwenye miwani, aliinua kidole. Moussa alisimama akampa mkono, akarudi kukaa. Kisha akasogeza uso karibu na kioo. Kile kicheko kikapungua, kikapotea. Filamu ilipokwisha alikuwa bado amekikazia macho kioo.

"Babu?" akaita Mounira.

"Ndege," akasema Moussa.

Kikwembe cha shujaa kina picha za ndege, mbayuwayu wadogo, safu kwa safu.

"Ah, bale bandeke!" Guelor akafurahi. "Kwa kitabu bote beko kitwa chini, mwanzo mupaka mwisho. Papa Kapya alikosa, hakusomaka kuchora. Nilibageuza. Sasa beko sawa."

Aliyasema kama mtu aliyemtengenezea mzee kola ya shati njiani, anangoja ashukuriwe.

"Kapya hakukosa," akasema Moussa.

Akaomba kitambaa. Mounira akamvulia kile kilichofunika kompyuta ya pili. Moussa akakizungusha mgongoni na kukifunga kifuani kama mama mwenye mtoto.

"Mama anafunga hapa, kwa ncha mbili za juu. Anafunga, anafungua, anavuta, kila siku ya Mungu. Mtoto wa kwanza, ncha zinalainika. Mtoto wa pili, zinapasuka. Marie-Thérèse alikuwa na kikwembe kimoja tu kizuri, na watoto watano. Alikileta kwangu nikikate matambara ya jikoni. Nikamwambia, usikate, shemeji. Kigeuze, pindo la chini lipande juu, kule ncha ni nzima bado. Akakigeuza. Basi ndege wakawa vichwa chini. Wanawake wa bombani wakamcheka: 'Marie-Thérèse, bandeke yako banaanguka!' Naye akawajibu: 'Habaanguki. Banaangalia mutoto.' Jioni alimsimulia Kapya. Kitabu kizima kilitoka hapo."

Nje mlinzi alikuwa anamwagilia majani.

Mounira akaketi juu ya meza. "Babu, ukumbi tumeshapewa. Watu wameshaalikwa. Zimebaki siku tatu. Sema tu ni nzuri. Nani ataona ndege?"

"Aliyewavaa miaka kumi."

"Kwa hiyo unasema hapana."

Moussa alimtazama mjukuu wake. Huyu ndiye mtoto anayemtania kwa jina la "bibi yangu", mke wangu, kama babu wote wanavyowatania wajukuu. Gauni lake la kwanza alilishona yeye. Nilimwona anakikunja kile kitambaa, anakikunjua, anakikunja.

"Bibi yangu, filamu ni nzuri. Inapita zote zinazocheza kwenye rafu yangu. Lakini nikifika Annexe, akiniuliza, nitamwambia ndege wanatazama juu. Mdomo wangu kwake haujui njia nyingine."

"Papa, ile nguo iko kila fasi!" Guelor akashika kichwa. "Fasi mia na makumi! Na haiko kugeuza tu. Ukiigeuza, zile ncha za kupasuka zinakuya chini, zinapepea namna yao. Na umeme inaendaka, inarudiaka!"

"Mteja akirudisha suruali inayombana, unaifumua yote?" Moussa akauliza.

"Miye siko fundi."

"Unafumua mshono unaobana. Iwashe tena, polepole."

Akatoa chaki ya fundi mfukoni, akapiga magoti sakafuni. Filamu ikaenda hatua kwa hatua. Kila kikwembe kilipoonekana karibu, alichora mstari kwenye saruji. Kilipokuwa mbali, ndege wakiwa nukta tu, alichora duara. Mwisho Mounira akahesabu: mistari tisa.

"Tisa," akasema Guelor. Akavua miwani, akaifuta. "Tisa, labda."

Jumatano wakaanza. Shida ilikuwa zile ncha zilizopasuka: hakuna aliyejua zinapepeaje. Basi Moussa akajifunga kitambaa shingoni, ncha zikiwa zimechanwa kwa makusudi, akaanza kukimbia kwenye majani ya jumba la Golf, huku Mounira akimpiga picha kwa simu. Anakimbia, anapumzika, anakimbia. Akapanda ndoo, akaruka. Mlinzi, jina lake David, aliacha mpira wa maji ukimwagika miguuni mwake.

"Kambo," akaita, kama tunavyowaita babu zetu, "weye njo nani?"

"Mutoto wa Mugongo."

"Ni mugongo ya nani ingekubeba weye?"

"Ya mama yako ilinikataa," Moussa akajibu, pumzi zikimwishia, na David akacheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi umeme ulikatika tangu saa tatu mpaka saa nane. Wakachora kwenye karatasi. Ijumaa Moussa alikwenda kuswali, akarudi, akaruka ndoo tena. Ilipofika saa kumi, mistari minane ilikuwa imefutwa sakafuni. Mmoja ulibaki, filamu ilitakiwa ukumbini jioni ile ile, na Guelor alikuwa amelala juu ya kibodi, shavu limeandika herufi ndefu isiyoisha.

"Mmoja tu, Babu," akasema Mounira. Hakuomba kitu zaidi.

Moussa akachukua kofia yake. "Twende Annexe," akaniambia.

Tulimkuta Mama Marie-Thérèse anafunga mafungu ya majani ya viazi kwa soko la kesho. Alitupa vigoda na maji. Kisha akamkazia Moussa macho.

"Shemeji. Iko muzuri?"

"Ni nzuri. Kapya angekaa mbele kabisa."

Akashusha pumzi. Moussa akainua kidole.

"Lakini waliwageuza ndege wako, wakatazama juu. Wamewarudisha. Isipokuwa pahali pamoja, karibu na mwisho. Pale hawakuwahi. Nimeona ulijue kabla hujaja."

Yule mama alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia viatu vyetu vyenye vumbi jekundu.

"Unatoka Golf mupaka huku, na maguu yako ile, kuniambia fasi moja ya bandeke?"

"Wewe ndiye uliyesema sikudanganyi."

"Nilisema." Akavuta kamba ya fungu, akaikata kwa meno. "Basi, nitakuya. Nitaitafuta ile fasi na macho yangu."

Siku ya posho ukumbi ulijaa. Watoto walikaa chini, wakubwa kwenye mabenchi, na Mama Marie-Thérèse alikaa mbele, na kilemba cha kanisani. Mounira alisimama ukutani, karibu na mashine, hakuthubutu kuketi. Filamu ikaenda. Bwana Vumbi alikula mabati, watoto wakapiga kelele. Kisha ikafika pale shujaa anapewa kikwembe na mama yake. Mama wa kwenye picha akashika ncha za juu, zimechanika. Akakigeuza, akamfunga mwanawe shingoni. Ndege wote wakatazama chini.

Nilikuwa benchi la pili. Nilimwona Mama Marie-Thérèse anaweka mkono kifuani, palepale fundo linapokaa, na hakuuondoa. Ule mkono ulikaa pale wakati shujaa anaruka, wakati kitambaa kinachelewa kutua, wakati ncha mbili zilizochakaa zinapepea chini kama vidole vinavyoaga.

Karibu na mwisho akasimama ghafla, kidole mbele.

"Ile! Njo ile! Banaangalia juu!"

Ukumbi mzima ukacheka bila kujua unacheka nini. Guelor akajificha nyuma ya Mounira, jambo gumu kwa urefu wake.

Taa zilipowashwa Mounira akaenda, akapiga goti mbele yake. "Mama, utusamehe. Jumatatu tutaigeuza."

"Apana. Muiache." Akakaa, akapanga kilemba chake. "Bote banaangalia mutoto. Fasi moja baangalie njia, ili asianguke." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Kitabu ya pili, muko nayo?"

"Iko kwako, Mama. Ndani ya sanduku."

"Kuya siku ya Mungu kisha misa, uikamate. Na uniletee Moussa wako, viazi yangu iko mingi."

Jumanne iliyofuata nilipita Ruashi. Moussa alikuwa anapinda sare za shule, televisheni imezimwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Guelor alikuwa mlangoni, ameinama ili asigonge bati, na kitabu chembamba mkononi, kimefungwa ndani ya plastiki.

"Papa Moussa, Bwana Vumbi kwa kitabu ya pili anavaa koti. Ndefu, mupaka chini. Akiinua mukono ya kula bati, ile koti inafanya je?"

Moussa aliitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye shati. Akauvua utepe shingoni.

"Simama wima," akasema. "Inua mkono. Si hivyo. Inua kama una njaa."