Marinda ya Bwana Harusi

Kitambaa kilifika kwangu Okolona, pembezoni mwa Louisville, ndani ya boksi la viatu. Kilikuwa cha sufu, kizito, cha drafti: kijani iliyokolea, buluu, na mstari mwekundu mwembamba unaokatiza kotekote. Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ndiye aliyekituma kutoka Buffalo. Alikuwa anaolewa huko na kijana wa Kimarekani ambaye babu yake alitoka Welisi, nchi ndogo iliyoshikamana na Uingereza, na katika ukoo huo wanaume huoa wakiwa wamevaa kilti. Kilti ni sketi ya marinda. Wenyewe hawapendi iitwe sketi, nami sikubishana nao, lakini nilishona sketi za wasichana wa shule miaka yote tuliyokaa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na sketi nikiiona naijua.

Ile ya babu ilikuwa imeliwa na wadudu. Kilibaki kitambaa hiki alichokinunua uzeeni, akafa bila kukishona. Mpwa wangu akawaambia wakwe zake kwamba shangazi yake wa Louisville ni fundi. Hakuwauliza kama shangazi anashinda siku nzima ghalani akifunga mizigo ya watu wengine na kurudi nyumbani miguu imevimba. Nilimsema kwenye simu. Kisha nikapangusa cherehani.

Mama wa bwana harusi alinipigia mwenyewe, mpwa wangu akitafsiri katikati. Alinieleza kwamba mbele ya kilti ni bapa, marinda yote yako nyuma, na kuna namna mbili za kuyakunja. Ya kwanza, kila rinda linaonyesha mstari uleule mmoja, kwa hiyo nyuma nzima inakuwa mistari myekundu iliyosimama. Ya pili, unakunja kwa hesabu ili drafti iendelee nyuma kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kabisa. Ya kwanza ni ya askari, alisema, na ya baba yake, yule babu, ilikuwa hiyo kwa sababu alikuwa jeshini. Ya pili ni ya raia. Wao wamegawanyika, hivyo wanatuachia sisi, upande wa bibi harusi, tuchague.

Mama yule hakujua amenipa nini. Kaka yangu alikuwa anaishi Columbus, mji mwingine, na alikuwa amegoma.

"Harusi mi sikatae," aliniambia kwenye simu. "Bon, baoane. Lakini mutoto yangu, mi sitamupeleka kwa mutu mwenye anavala jipe. Nitaikala kule nyuma na batu bengine."

"Hiyo si sketi, kaka. Ni vazi la babu yao."

"Babu yangu alivalaga magome ya muti. Umeshaniona na magome?"

Mpwa wangu alilia. Hakuwa analilia kilti. Mama yake tulimzika kambini, kwa hiyo baba ndiye mzazi aliyebaki, na mlango wa kanisa ni mmoja: utaingia na baba, au utaingia peke yako huku watu wanamtazama baba yako amekaa benchi la nyuma. Aliwahi kusema atamwambia mchumba avae suruali. Nilimkataza. Ukianza ndoa kwa kumvua mtu nguo ya babu yake, utamaliza na nini?

Kilichonikera zaidi ni hiki. Kaka yangu alipofiwa na mke alibaki na mabinti wawili, na shule ya kambini ilidai sketi ya buluu yenye marinda yaliyonyooka. Mkaa wa pasi hatukuwa nao kila wakati. Basi kila Jumapili jioni alizitandaza zile sketi juu ya mbao za kitanda, akapanga rinda moja moja kwa vidole, akashusha godoro taratibu na kulala juu yake, chali usiku kucha, kama ubao mwingine. Wanaume wa blok yetu, mtaa wetu pale kambini, walimcheka mpaka wakachoka. Jumatatu asubuhi aliwakabidhi watoto sketi zao na neno moja tu: "Sikugeuka."

Hilo sikumkumbusha. Mtu mkaidi ukimkumbusha wema wake, ataukana.

Badala yake nilienda kumwomba achague. Kwetu nguo za harusi hazishonwi mpaka mkubwa wa familia aseme, na yeye ndiye mkubwa. Nilijua akishatamka neno moja juu ya marinda yale ameshaingiza mguu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumamosi nikapata lifti ya mwenzangu wa kazini aliyekuwa anaenda Columbus, boksi magotini. Kitambaa nilikuwa nimekikunja kwa pini tu, bila kukikata: nusu ya askari, nusu ya raia.

Kaka alikuwa ametoka zamu. Nilikitandaza juu ya meza yake ya kulia, nikaanza na ile nusu ya kwanza. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilifikiri neno askari litampoza, maana ni la kiume.

"Angalia, kaka, hii si ya wanawake. Hii ni ya askari."

Alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitambaa. Akakiondoa.

Nilikuwa mjinga kweli. Kwa wale watu wa Buffalo askari ni babu kwenye picha ya ukutani, amesimama vizuri, anatabasamu. Sisi tulitoka kwetu usiku mmoja kwa sababu ya watu wenye sare zilizopigwa pasi vizuri. Nilimjua kaka yangu tangu tumezaliwa, nikakaa wiki nzima nachoma pini, na hilo halikunijia. Niliona aibu, na mistari ile myekundu iliyojipanga ikaanza kunichukiza hata mimi.

"Toa iyo," alisema.

Nilichomoa pini za nusu ile. Hakuondoka mezani. Akaisogeza ile nusu nyingine karibu na dirisha, akaifuata kwa kidole kutoka mbele kwenda nyuma, akirudi, akienda.

"Mbele na nyuma ni sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na ukikosea rinda moja?"

"Linavuta yanayofuata. Drafti yote inapotea."

Akahesabu marinda kwa kidole, moja moja. "Bon," alisema. "Shona hii. Mutu akinipa mugongo, nimuone vile nilimuona kwa uso."

"Na kanisani?"

"Nimekwambia ushone. Sikusema kitu ingine."

Basi nilishona. Sufu ile haikuitaka cherehani yangu, nikaishona kwa mkono kutoka kiunoni hadi nyongani, kila rinda likibanwa kidogo juu ili drafti isipinde. Mara mbili nilikosea, nikafumua. Sitasema niliteseka. Ghalani nilikuwa nafunga vitu nisivyoviona vikifunguliwa, na hii ilikuwa kazi ninayoweza kuitazama mwanzo hadi mwisho. Nilimpigia kaka kila Jumapili nikimwambia nilipofika. Alisema "donc", yaani basi, na "sawa", akaniuliza habari za magoti yangu.

Tulifika Buffalo Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, baada ya mimi kumpitia kaka Columbus. Mpwa wangu alikuwa amepanga nyumba ya ghorofa moja kule North Buffalo. Nilipofungua begi nilitaka kujipiga. Nilikuwa nimeiweka kilti chini ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu, na unga wa muhogo wa fufu, kama mtu asiyejua nguo, na marinda yalikuwa yamelegea na kupishana. Niliitundika mlangoni. Pasi ya mpwa wangu ilikuwa na doa jeusi chini, sikuiamini kwa sufu. Nikasema nitajua la kufanya asubuhi. Kaka aliitazama kilti, akala sombe yake, akaaga mapema kwenda kulala juu.

Asubuhi mlango ulikuwa mtupu.

Tulitafuta nyuma ya mlango, tukatafuta kabatini. Mpwa wangu akaacha kutafuta. Alinitazama, kisha akatazama ngazi za kwenda juu, nami nikajua tumewaza jambo moja. Bwana harusi alikuwa njiani kuja kuichukua. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu kambini. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa ngazi, nimeshapanga maneno, pamoja na yale niliyoapa sitamkumbusha.

Kaka alikuwa anashuka. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine, mkono umeshika kiuno. Miaka imepita na mgongo si ule.

"Baba," mpwa wangu alisema, "kilti iko wapi?"

"Iko chini ya matela."

Matela ni godoro. Niliachia ukingo wa ngazi.

"Musiiguse, mutaiharibu. Mi mwenyewe nitaitosha mule, niilete." Alifika chini, akamgeukia binti yake na kumnyooshea kiwiko, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto. "Ule mukono gani baba anashikishaka bibi harusi? Unionyeshe sasa, nisikupatishe haya kule."

Mpwa wangu alishika wa kushoto, akaegemeza kichwa begani mwake, analia.

"Ulilala juu yake, baba? Na mgongo huo?"

Kaka yangu alijaribu kunyooka, akashindwa, akacheka kidogo.

"Sikugeuka," alisema.