Chakula cha Kaa Alichokula Katibu

Mwaka 1983 ukikutwa na sabuni mbili ulikuwa mhujumu uchumi. Ukikutwa na moja, uliulizwa ya pili umeificha wapi. Naanzia hapo ili msomaji asije akamtafutia Mama Leonardi kosa. Kosa lake lilikuwa kuwalisha kaa vizuri, na mwaka ule kumlisha yeyote vizuri kulikuwa tusi kwa kila aliyesimama kwenye foleni ya sembe.

Jina lake hasa Eufrazia. Alikuja kutoka Ndanda na mumewe Gregori, mchonga vinyago, wakajenga Mbweni upande wa mikoko, enzi zile Mbweni ikiwa bado shamba tupu. Gregori alipofariki, na mwanawe Leonardi akiwa jeshini, shemeji zake walikuja na lori kumrudisha Ndanda, yeye na vitanda vyake. Akawapikia, wakala, wakashiba, kisha akawaambia, "Nimewasikia. Nitarudi siku kaa watakaponishinda."

Lori likarudi tupu. Kaa nao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kumshinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alinunua kaa wembamba kwa watu wanaowachokoa mikokoni, akawanenepesha kwenye vizimba vya fito alivyovisimika kwenye tope, karibu na Mto Mpiji unapoingia baharini. Kila kaa na chumba chake, maana ukiwaweka wawili pamoja kesho unamkuta mmoja. Sie wengine wote tulikuwa tunafundishwa kuishi kijamaa, lakini kaa hawakuwahi kuhudhuria semina. Wakinenepa, aliwapeleka kwenye hoteli moja ya wageni huko Kunduchi.

Tatizo ni kwamba kaa hakui mpaka avue gamba. Akishalivua anabaki laini kama kitambaa kilicholowa, na kama mwilini hana akiba, gamba jipya halikazi. Wa Mama Leonardi walikuwa wanafia humo humo kizimbani. Waliopona, mpishi wa hoteli aliwabonyeza mgongoni, kidole kikazama.

"Mama, umeniletea kaa au mkate?"

Akajaribu matumbo ya samaki. Wakanenepa, gamba likabaki vile vile. Akajaribu chokaa ya tanuri, akaua kizimba kizima kwa asubuhi moja. Dawa aliikuta Manzese, kwenye tanuri la mikate la Bwana Mehboob, alikokuwa akienda kununua makombo ya kuwalisha. Nyuma ya tanuri aliona gunia la maganda ya mayai linangoja kutupwa, akaliomba.

"Ya nini, mama?" Bwana Mehboob akamuuliza.

"Ya kaa wangu. Gamba haliwakazi."

"Sisi kaa dini imetukataza."

"Sikuambii uwale. Nakuambia uwape maganda."

Bwana Mehboob akafikiri kidogo, kwa uzito unaostahili jambo la dini. "Kuwanenepesha sijakatazwa," akasema. "Chukua. Na mke wangu Roshan nitamwambia ayaoshe kabisa, yasinuke."

Basi Mama Leonardi akawa anayaanika, anayatwanga mpaka yanakuwa vumbi, anachanganya na vumbi la dagaa, na unga wa makopa ya muhogo yaliyotobolewa na wadudu ili vishikane. Saa ya kulisha anatia mafuta ya ini la papa, anafinyanga madonge, kila chumba na donge lake. Kaa wa kwanza alipokaza gamba, alimgonga mgongoni kwa kidole akatuita majirani. "Sikilizeni. Unaweza kupigia hodi." Mpishi wa hoteli hakubonyeza tena.

Sasa mlete Katibu.

Katibu wa tawi letu alikuwa Ndugu Adelard, mtu mnene mwenye magoti mabovu na bakora, na sauti iliyozoea kusikilizwa na watu waliokaa chini. Msako wa walanguzi ulipotangazwa, matawi mengine yalikamata watu na vitenge na mabati. Letu halikuwa na kitu, kwa sababu Mbweni hapakuwa na kitu cha kuficha. Na siku moja mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja kukagua tumekamata nini. Saa nne asubuhi Katibu akaingia uani kwa Mama Leonardi na mgambo wawili, pamoja na Mzee Jamali, balozi wa nyumba kumi.

Magunia yalikuwa mawili, wazi, juani.

"Ndugu Eufrazia, hii nini?"

"Chakula cha kaa."

"Nauliza hii nyeupe."

"Nami nakujibu hiyo hiyo nyeupe. Onja, Ndugu Katibu."

Katibu akachovya kidole, akalamba. Uso ukajikunja, ukanyooka. Mgambo walikuwa wanamtazama. Mtu aliyekwisha kulamba chakula cha kaa mbele ya mgambo ana njia mbili tu, na mojawapo ni ya aibu.

"Sembe," akasema. "Balozi?"

Mzee Jamali akalitazama gunia, akaitazama bakora. "Inaelekea sembe, Ndugu Katibu."

"Mzee Jamali," Mama Leonardi akamwambia, "juzi si wewe ulinishikia chekecheo?"

"Mie macho yangu siku hizi, mama."

Nakumbuka nilitaka kucheka, na ndivyo tulivyo: tunacheka mpaka mtu anafungwa pingu. Akafungwa pingu, mwanamke aliyekuwa anaokota maganda ya mayai ili kaa wa nchi hii walete fedha za kigeni, akapelekwa kituoni kama aliyetega bomu chini ya benki.

Magunia yakapelekwa tawini. Mgeni alipofika, hapakuwa na chakula cha kumpa, na unga wa umma ulikuwepo. Mke wa Katibu, Bi Rosalia, akausonga, na makopa yale yakaushika vizuri tu. Sie tuliosimama dirishani tulisikia meno ya viongozi yakisaga: kwaru, kwaru, kwaru.

"Unga huu una kitu ndani," mgeni akasema.

"Umesagwa na kiini chake, ndugu."

"Na harufu ya dagaa?"

"Mhujumu aliuficha pamoja na dagaa."

Mgeni akatikisa kichwa kwa uchungu wa kizalendo, akakata tonge jingine. Gunia la pili likahifadhiwa nyumbani kwa Katibu, kwa usalama wake.

Tulipokwenda kumwona mahabusu, Mama Leonardi hakutuuliza habari za kesi. "Kaa wangu wanavua wiki hii," alisema. "Mafuta ya papa yapo chini ya kitanda. Unga ndiyo hamna." Tukawatupia matumbo ya samaki, kwani tungefanya nini? Wakavua. Wakabaki laini. Tuliwatoa mmoja mmoja kwa mikono, hawakuwa hata na nguvu ya kubana kidole. Nimeshika maiti za aina nyingi katika nchi hii, zikiwemo za mipango, lakini zile ziliniudhi.

Kituoni, Inspekta alimwita Katibu alete kidhibiti.

"Kipo," Katibu akasema.

Inspekta akangoja. Alipomwita tena, Katibu akasema, "Kilikuwepo."

"Kimekwenda wapi?"

"Kimeliwa."

"Na nani?"

"Na wananchi."

Inspekta akamtazama tumbo kwa muda. Huwezi kumfunga mtu kwa unga usiokuwepo, hata mwaka ule, basi akamwachia Mama Leonardi. Mama Leonardi hakuondoka.

"Niandikieni kwamba kilikuwa chakula cha kaa."

"Nikiandika hivyo, mama, viongozi watakuwa wamekula nini?"

"Chakula cha kaa."

"Ndiyo maana siandiki."

Alirudi akakuta vizimba vitupu, na lori la shemeji limeegeshwa uani. Habari mbaya ndiyo pekee iliyokuwa inafika Ndanda bila kukosa mafuta ya gari.

"Haya, shemeji," mkubwa wao akamwambia. "Ulisema mwenyewe. Kaa wamekushinda."

"Kaa hawakunishinda. Walionishinda ni watu, na juu ya watu sikuahidi kitu."

Akawapikia tena. Lori likarudi tupu mara ya pili, na kesho yake yeye akawa Manzese nyuma ya tanuri. Bwana Mehboob alikuwa amemwekea maganda ya muda wote aliokuwa ndani, yameoshwa na kufungwa vizuri.

Mwezi haujaisha, Bi Rosalia akaja uani na bakuli chini ya kanga.

"Hodi, Mama Leonardi. Naomba kidogo ule unga wako."

"Duka la ushirika halina?"

"Si wa kupika." Akashusha sauti. "Ule tuliokula nyumbani, mwenzangu, magoti ya baba yalinyamaza kabisa, akawa anaiacha bakora mlangoni. Umekwisha, yamerudi. Usiku hatulali."

Kama ni maganda ya mayai au ni dagaa au ni mtu kula kitu kimoja tu bila kujaza tumbo, mie si daktari, hata chuo nilikiacha njiani. Mama Leonardi naye hakuuliza.

"Nitampa debe zima, bure," akasema. "Siku akisimama mkutanoni akawaambia watu kwamba alichokula ni chakula cha kaa."

Bi Rosalia akalitazama bakuli. "Hawezi."

"Basi."

Mkutano ukafika, Katibu akasimama kwa shida, akazungumzia kujitegemea huku ameegemea meza. Mikutano mingine mingi ikafuata, na unga ule ukabaki kuwa sembe. Kaa wapya walivua, wakakaza, wakaenda Kunduchi wakigongeka kama milango.

Njia ya kwenda tawini inapita pale pale uani. Kila mara vumbi lile likianikwa, Katibu alikuwaga anapunguza mwendo, bakora inasimama, pua inavuta. Na Mama Leonardi, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kinu, alikuwa anamsalimia vizuri tu.

"Habari za asubuhi, Ndugu Katibu. Magoti?"

"Yapo."