Nimekalia Karatasi Zangu Mbele ya Darasa

Leo, Alhamisi, nimekaa sakafuni mbele ya darasa zima. Nitawaeleza yote, hata ya aibu.

Nilikuwa nasimulia maisha ya yule mwigizaji Mrusi niliyewachosha naye wiki nzima. Anayesimulia vizuri huingia kikundi cha maigizo cha shule, nami nakitamani tangu mwaka jana.

Nilipofika pale alipoacha kufagia jukwaa na kupewa nafasi yake ya kwanza, nikafunua ukurasa vibaya kwa woga.

Karatasi zote chini!

Nikakumbuka desturi ya waigizaji wa Urusi: mwigizaji akiangusha maandishi yake, huyakalia kwanza ndipo ayaokote, la sivyo mchezo utaharibika.

Nikazikalia. (Na sketi ya shule, jamani!)

"Eish, Neema, unaatamia mayai?" akauliza mwenzangu Thabo.

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, na woga ukaniisha. Nikawaeleza desturi ile, kisha nikamaliza bila kusoma, mpaka filamu yake ya kwanza, akiwa tayari na mvi.

Mwalimu akasema, "Sasa inuka, Neema. Mazoezi ya kikundi ni Jumatatu."

Nimepumua!

Mama bado anasuka wateja saluni, hapa mtaani kwetu Yeoville. Nijibuni kabla hajarudi: nianze na habari ya kuchaguliwa, au na sketi aliyoifua jana, ambayo sasa imejaa vumbi?