Bwana Mdogo Hafungui Kinywa

Mpishi wa kituo chetu cha kulea watoto hana tanuri, na hajawahi kuliomba. Jikoni mwake mna meza ndefu, mabakuli ya bati, friji inayonguruma na tende zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu. Anaziponda, anachanganya na oti iliyolainishwa na nazi ya kukuna, anafinyanga, kisha anaweka kwenye friji zishikane. Watoto wakubwa wanapata za mviringo. Wa miezi wanapata bapa, ndefu kama kidole, kwa sababu kitu cha mviringo huwakwama kooni. Kabla ya kugawa, hubonyeza kipande kwa vidole viwili. Kikipondeka, ufizi nao utakiweza. Mimi ni mlezi wa chumba cha watoto wanaotambaa, na sijawahi kuona sahani yake ikirudi na kitu.

Dada yake alipofariki, alikaa nyumbani siku chache tu akarudi kazini. Hakulia mazikoni, hakulia jikoni. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Watu nao, mdomo haulipiwi kodi! Nilimwuliza siku moja anajisikiaje.

"Sijisikii chochote, dada," akanijibu. "Kama ufizi uliopigwa ganzi."

Akaendelea kufinyanga.

Marehemu alimwachia mtoto wa miezi kumi, tunayemwita Bwana Mdogo kwa jinsi anavyokunja uso kama mkubwa wa ofisi aliyecheleweshewa chai. Baba yake anafanya kazi mbali, kwa hiyo anakaa na mama mdogo wake, huyu mpishi wetu. Pale kituoni Bwana Mdogo anakula mpaka analamba meza. Nyumbani hafungui kinywa. Mama mdogo alijaribu kila alichokijua: ndizi na parachichi, mtindi uliogandishwa, oti na siagi laini ya karanga. Alifikiria hata kumpaka asali mdomoni, lakini asali haipewi mtoto ambaye hajafika mwaka, na hilo analijua kuliko jina lake. Mtoto alikuwa akifumba mdomo na kumtazama tu. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Habari zikamfikia bibi mzaa baba, naye akapiga simu. "Jumamosi nakuja. Nikikuta mjukuu wangu bado hataki chakula, naondoka naye."

Mpishi alinisimulia hayo huku akitoa kokwa za tende, sauti haipandi wala haishuki.

"Na akiondoka naye?" nikamwuliza.

"Basi nitakuwa sina mtu."

Alisema hivyo kama anayetaja bei ya nyanya, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwambia Jumamosi nitakuwepo, apende asipende.

Bibi alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Bwana Mdogo alikuwa ameketishwa kwenye mkeka. Mama mdogo akaweka sahani, akakaa mbele yake, akashika kipande.

"Kula, baba."

Mtoto akafumba mdomo. Mama mdogo akajaribu tena. Mtoto akageuza uso. Mara ya tatu akakisukuma kile kipande kwa kiganja. Mimi nilikuwa natafuna kucha.

Lakini bibi hakuwa anamwangalia mtoto. Alikuwa anamwangalia mama mdogo, mifupa ya shingo yake na gauni lililokuwa linamteleza mabegani.

"Mwanangu," akamwuliza, "mara ya mwisho kukaa chini ukala na huyu mtoto ni lini?"

"Nakula, mama."

"Sijauliza kama unakula. Nauliza unakula naye?"

Mpishi akakirudisha kipande sahanini. "Nakula jikoni, nimesimama. Nikikumbuka."

"Mama yake alikuwa hampi kitu mpaka atafune yeye kwanza. Nilimgombeza sana kwa tabia hiyo, Mungu anisamehe. Huyu anakuona umefunga mdomo, na yeye anaufunga. Kula."

Nikajiona mjinga wa mwisho. Pale kituoni walezi wote tunakaa chini na watoto, kila mmoja na kipande chake, na sikuwahi kuliwaza hilo.

Mkubwa akisema, unatii. Mama mdogo akachukua kipande, akakitafuna kama anayetafuna karatasi. Bwana Mdogo akainua macho, akaitazama ile taya inavyopanda na kushuka. Kisha akafungua kinywa chake kitupu, akatafuna hewa. Hakuna aliyesogea. Akanyoosha mkono kwenye sahani, akashika kipande, akakiponda kwenye ngumi. Halafu, badala ya kula, akajivuta mbele na kukitia mdomoni mwa mama mdogo wake.

Mama mdogo akakipokea. Akakaa nacho ulimini.

"Tamu," akasema, kwa mshangao.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, tende mdomoni, mabega yakimtetemeka, akimwita dada yake kwa jina. Mtoto alimtazama, akalamba yaliyobaki kwenye vidole vyake, kisha akachukua kipande kingine. Hicho akakitia kinywani mwake mwenyewe.

Nilitaka kuinuka nimkumbatie yule mwanamke, lakini bibi akanizuia kwa mkono. Akaisogeza sahani katikati yao wawili.

"Msinitazame mimi," akasema. "Endeleeni kula. Nitakuja mwezi ujao kuwaona."