Watoto wa Muyama Hawahesabiwi

Kila asubuhi, kabla hajagusa uji, mama mdogo Maximilla alitundika jiwe kwenye mizani ya watoto. Jiwe lile ni kilo nne. Mshale ukisimama kwenye nne, basi, jiwe na mizani kikapuni, kikapu begani, anaondoka. Ukikosea hata kidogo anaurekebisha, uji upoe ukipoa.

Alifanya kazi kwenye kituo kimoja pale Kasulu, miaka ile watu walipohamishiwa vijijini. Kituo hakikuuza kitu wala hakikutibu mtu. Kazi yake kupima watoto na kuuliza familia zinaishije, ili wafadhili wajue maziwa ya unga yapelekwe wapi.

Mwaka mmoja ilikuwa zamu ya kijiji cha Muyama. Mkuu wa kituo, Ndugu Evaristi, mtu wa kuja, alituma watu wakaulize kila mama ana watoto wangapi. Sasa kwetu mama hahesabu watoto wake mbele ya mgeni. Ni kuwaitia kifo. Akibanwa atasema wawili, yaishe. Karatasi zikarudi wawili, wawili, kijiji kizima. Evaristi akasema Muyama watoto ni wachache, maziwa yaende kwingine.

Mama mdogo akacheka, akaenda mwenyewe. Hakuuliza idadi. Alikaa jikoni akichambua maharage pamoja nao, akauliza nani analala na nani. Hapo akina mama wakawataja wote, na huyu anayekojoa kitandani, na yule mwizi wa asali. Yeye anachora vistari tu. Nyumba ya kwanza, iliyoandikwa wawili, ikawa na saba. Majina ya akina mama hakuyaandika.

Siku aliyorudi nilikuwa kwenye benchi la kituo, mdogo wangu mgongoni, tunasubiri kupimwa. Evaristi alizisoma karatasi mpya, akakubali ziende kwa wafadhili. Ila akataka orodha ya akina mama waliodanganya, wakatwe kwenye maziwa. Bila orodha, hakuna kazi.

"Hawakudanganya, Ndugu," mama mdogo alisema taratibu. "Mliwauliza kama mnahesabu mbuzi."

"Majina, Ndugu Maximilla."

"Ninayo kichwani. Yote."

Akampima kwanza mdogo wangu, akaandika. Kisha akalitoa jiwe kikapuni, akaliweka juu ya karatasi zisipeperuke. Akatoka, akashika njia ya Muyama. Pale kituoni hakukanyaga tena.