Bakuli la Kiajemi la Maanrifa

Serikali ya Ali Soilih huko Komoro ilipopiga marufuku harusi kubwa, watu wa mji wa Mutsamudu walinung'unika, lakini Maanrifa alishusha pumzi. Angalau sasa hapana mtu wa kuja kuliazima bakuli lake.

Lilikuwa la fedha, kazi ya mafundi wa Uajemi wa kale, urithi kutoka kwa mama yake. Ukingoni yalizunguka maandishi ya Kiarabu, yamechongwa kisha yakajazwa dawa nyeusi, herufi zikakolea juu ya fedha. Kila alipojifungua, maji ya kwanza aliyanywa humo, na alitaka binti yake, aliyekuwa bado ananyonya, naye siku moja anywe humo. Lakini ukoo wa mumewe ulilifanya la wote: likienda harusini, hurudi limebonyea au linanuka ubani.

Pumzi yenyewe haikudumu. Shangazi wa mumewe, Bi Moinafouraha, alipanda ndege Moroni, kisiwa kingine, akashuka uwanja wa Ouani jirani na mji, na kabla hajatua mkoba alikwisha kueleza: mjukuu wake anaolewa kimyakimya, hakuna ngoma, hakuna dhahabu, hata bakuli akose? Maanrifa akamtazama mumewe. Bacar akatazama dari. Basi akalitoa, huku akirudia mpaka mate yakamkauka kwamba lisisuguliwe, ule weusi si uchafu.

Likarudi mkononi mwa shangazi, jeupe kama sufuria ya dukani.

"Mwanangu, mlifuga uchafu humu," shangazi alisema kwa fahari. "Majivu yalishindwa. Nikaketi na sindano, nikachokoa herufi mojamoja. Macho yananiuma mpaka leo."

Maanrifa alimhamishia mtoto kwenye titi la pili, apate tu la kufanya. Alipolipeleka bakuli kwa sonara Mouzaoir, yule aliligeuzageuza akasema dawa ya Waajemi hajui hata inavyochanganywa. Nyumbani, shangazi akauliza, sasa huyo ni fundi wa nini?

Hapo Maanrifa akaingia ndani, akatoka na wanja na sindano, akaviweka mbele yake.

"Ulizitoa, shangazi. Zirudishe."

Shangazi akaanza kujaza herufi kwa wanja. Alikuwa amesomesha watoto Kurani maisha yake yote, na sasa ndipo aliposoma alichokichokoa: heshima na baraka zimdumie mwenye bakuli. Akajaza herufi nyingine mbili.

"Ila mwezi ujao," akasema bila kuinua macho, "mjukuu wangu mwingine, Roukia, naye anaolewa."

"Atanywea glasi, shangazi."

Bacar akatafuta kofia yake, akatoka.