Nzige ya Mama Mukubwa

Niliondoka Lubumbashi kumtafuta Tshimanga, mtoto wa dada mkubwa wa mama yangu. Mama mukubwa alikuwa akilala kwenye sakafu ya stesheni, akingojea treni ya kuwapeleka Kasai, mkoa wa asili yao, watu ambao majirani walikuwa wameanza kuwaita wageni. Alizaliwa Kenya, si nchi bali komine ya Lubumbashi, niliyozaliwa mimi pia. Mgeni wa wapi?

“Umulete,” aliniambia. “Bila ye, mi sipande treni. Na umuulize, muntu muzima anacheza na nzige?”

Tshimanga alikuwa Mkongo wa kwanza kuchezea timu ya taifa ya kriketi ya Zambia. Habari zilitufikia kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa neno linalosikika hivyo, “criquet”, ni nzige. Nilimweleza mama mukubwa habari za mpira na gongo, naye akatikisa kichwa.

Mokambo, mpakani, askari alisoma jina langu. Nilipewa na baba, mtu wa kaskazini ya Katanga.

“We uko wa kwetu. Pita.”

Nilipita, na sikujipenda.

Upande wa Zambia, mchana, nilimkuta Tshimanga akifagia uwanja wa klabu.

“Yaya,” nilimwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, “na timu?”

“Balinitosha, balinifukuza. Niliangusha mpira, tukashindwa. Kesho yake bananiuliza papiers, makaratasi ya uraia.”

“Si walijua tangu mwanzo kwamba uko Mkongo?”

“Banajua. Lakini banauliza siku umeangusha.”

Nilimpa swali la mama yake. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaenda kuchukua koti.

Jioni tulirudi Mokambo. Herufi za mwanzo za jina lake, za majina ya Kasai, zilimtosha yule askari.

“Bakasai banatoka. Habaingie.”

“Naingia ili nitoke na mama.”

“Utoke? Si umekwisha kutoka! Unataka nini tena?”

Askari wenzake walicheka. Mmoja alimsukuma kifuani kwa bunduki. Mimi nilikuwa nimekwisha kupitishwa. Tshimanga alitoa mpira mwekundu mfukoni mwa koti, akanitupia juu ya kizuizi, nami, nisiyejua kudaka, niliuokota kwenye vumbi.

Stesheni, siku iliyofuata, watu walikuwa wamekwisha kuanza kupanda. Mama mukubwa alitazama nyuma yangu, akaona sina mtu. Niliweka mpira mkononi mwake. Aliugeuza, akapapasa mshono wake.

“Njo hii nzige?”

“Ndiyo hii, mama, ni mpira wa…”

“Njo hii ilikula mwana yangu.”

Aliufunga kwenye kona ya kitenge, akapanda.

Chuoni nilifundishwa kusahihisha maneno ya watu. Pale stesheni sikuwa na la kusahihisha.